Masika na Paneli Nne

Jumatatu, 24 Februari 1992

Zimefika. Paneli nne za sola, zimeviringishwa kwenye mablanketi kama wagonjwa, pamoja na friji jeupe lenye mlango wa juu na betri sita nzito ambazo wanaume walizipokezana kutoka barabarani. Wafadhili wa kanisa ndio walionunua. Fundi aliyekuja kuzifunga ni kijana wa Tukuyu mjini, Nurdin, anayetengeneza redio karibu na soko. Watu wa kwao walitoka Kilwa zamani. Tangu milango ya biashara ifunguliwe anauza vitu ambavyo sisi tulikuwa tukivisikia tu, na sasa anauza hata jua.

Nilimuuliza, "Fundi, unajua hapa ni wapi?"

"Masukulu, Daktari."

"Mvua huku inaanza Novemba, inakoma Mei. Mwezi wa tatu na wa nne tunaweza kumaliza wiki hatujaona vivuli vyetu. Hilo jua lako litatoka wapi?"

Hakukasirika. "Siku ya mawingu, mchana, si unasoma bila taa? Basi mwanga upo. Haba, lakini upo."

Jibu la muuza duka.

Friji langu la mafuta ya taa wamelisukumia stoo. Nimelihudumia miaka kumi na mmoja, tangu nilipoletwa kuwa mganga wa zahanati hii. Lilikuwa na moshi, sikatai, na miaka ile ya shida niliwahi kwenda mpaka Tukuyu kutafuta mafuta nikarudi na dumu tupu. Lakini halikuwahi kuniuliza kama mawingu yamefunguka.

Jumanne, 25 Februari

Fundi kashinda juu ya paa. Chini amefunga kisanduku chenye vitaa vitatu. Kijani, betri zimeshiba. Njano, punguza matumizi. Nyekundu, zina njaa, na friji litajizima lenyewe.

Umeme ni wa vitu viwili tu: friji la chanjo, na taa moja ya tyubu katika chumba cha kuzalia. Fundi alilirudia hilo mara tatu, mara ya tatu akimtazama mlinzi wetu, Mzee Ambindwile, kwa kuwa ndiye anayebaki hapa mimi nikirudi nyumbani.

"Nimesikia, mwanangu," mzee akasema. "Fliji na taa." Ulimi wake wa Kinyakyusa hauna urafiki na herufi ya r.

Jumatano, 26 Februari

Fundi ameondoka. Ameniambia niandike kila siku saa za jua na rangi ya kitaa. Nitaandika, ili siku ya kulirudisha friji langu niwe na ushahidi.

Jua saa nne. Kijani. Friji nyuzi nne.

Jumamosi, 29 Februari

Jua saa mbili. Kijani.

Jumanne, 3 Machi

Jua nusu saa. Kijani. Mke wangu Hellen ameuliza sola inaendeleaje. Nikamwambia bado mapema.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri, Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Jua hakuna. Kijani bado. Nimeshangaa, ila sikumwambia mtu.

Jumanne, 10 Machi

Jua hakuna. Njano.

Jumatatu, 16 Machi

Surua imeonekana vijiji vya bondeni. Leo hospitali imetuletea chanjo za watoto mia moja na arobaini, tuwachanje Alhamisi ya tarehe 26, Matwebe na hapa kwetu. Nimezipanga ndani ya friji moja moja, kwa mikono miwili. Chanjo ya surua ikipata joto hufa bila kubadilika rangi wala harufu. Unaweza kumchoma mtoto maji matupu, mama akakushukuru, na mtoto akaugua mwezi ujao.

Jua saa moja. Njano. Nyuzi tano.

Jumatano, 18 Machi

Nimefika asubuhi, kitaa ni chekundu. Friji kimya. Ndani nyuzi sita.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kipimajoto, na hasira yote ya siku ishirini ikanipanda. Kwenye mawingu kama haya fundi alisema betri zingevumilia siku tano. Hatukuwa hata na siku tano za giza mfululizo, jua lilikuwa likichungulia. Basi ama paneli ni mbovu, ama betri ni kuukuu zilizopakwa rangi.

Nimemwandikia barua, nikampa dereva wa lori la chai ampelekee. Niliandika hivi: "Bwana Nurdin, wewe umeuza jua mahali pa mvua, na watoto ndio watakaolipa. Kama una haya, njoo uchukue vyombo vyako." Hellen aliisoma kabla sijaifunga. Akasema, "Baba Ikupa, barua ya hasira hulazwa kwanza." Sikuilaza.

Mchana mawingu yalipasuka kidogo, friji likaamka. Nyekundu ikawa njano.

Alhamisi, 19 Machi

Njano mchana, nyekundu asubuhi. Nyuzi sita. Mvua haikatiki.

Ijumaa, 20 Machi

Amekuja. Kwa miguu.

Lori lilimwacha mbali kwa sababu ya tope, akatembea zaidi ya saa nne chini ya mvua, begi la vifaa limefungwa kwenye nailoni na yeye mwenyewe hana hata mwavuli. Alifika mlangoni saa saba mchana, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nikaona midomo yake imekauka katikati ya mvua yote ile, ndipo nikakumbuka: ni Ramadhani.

"Barua yako nimeipata, Daktari," alisema. 

Alipanda juu ya paa hivyo hivyo. Akapima paneli moja moja, akafuta utelezi wa ukungu uliokuwa umeota pembeni. Akashuka, akapima maji ya kila betri kwa kibomba cha kioo, akakaa chini akafikiri.

"Paneli nzima. Betri nzima. Kinachoingia ni kidogo, lakini kingetosha. Kuna kitu kinakunywa."

"Friji ndilo linalokunywa."

"Friji nalijua kipimo chake. Kuna mwingine."

Nilimpeleka nyumbani. Hellen alishasonga ugali, akamwona na nguo zinazochuruzika, akatenga sahani. Nurdin akaweka mkono kifuani. "Mama Ikupa, ahsante sana. Nimefunga."

Hellen akanitazama mimi, si yeye. Mtazamo huo naujua kwa miaka ishirini na mitatu. Alimpa shuka na shati langu la kanisani, akarudisha chakula jikoni, akaanza kupika upya, mbalaga ya ndizi na maharage ambayo yangekuwa tayari jioni. Sisi wengine nasi akatusubirisha. "Mgeni hali, sisi tunakula vipi?" Kwa hiyo mimi Mlutheri wa kuzaliwa leo nimefunga nusu siku kwa amri ya mke.

Jua halikuonekana likizama, wala mchana kutwa halikuonekana. Nurdin alikuwa akiangalia saa ya mkononi na kikaratasi chenye nyakati. Nikamwambia, "Wewe unayeuza jua, hata kuzama kwake unakusoma kwenye karatasi."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Silioni, Daktari, lakini najua limezama." Akanywa maji.

Amekataa kulala kwetu. Anataka kulala zahanati, karibu na betri.

Jumamosi, 21 Machi

Siku hii nitaiandika yote.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nurdin alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na Mzee Ambindwile, wameshika vikombe vya chai vitupu, kama watu wanaosubiri mchungaji. Akina mama watatu wanaosubiri siku zao za kujifungua walikuwa wamesimama mlangoni.

"Daktari, kwanza kaa," Nurdin alisema.

Sikukaa.

"Niliamka kula daku. Kulipoanza kupambazuka niliingia chumba cha kuzalia, taa imezimwa. Nikagusa tyubu. Ina joto."

Nikamgeukia mzee. Ana miaka sabini na kitu, hajawahi kuchelewa kazini, hajawahi hata kuchukua kiberiti cha zahanati. Alikuwa akitazama miguu yake.

"Tangu lini, tata?" nilimuuliza, yaani baba, kwa Kinyakyusa.

"Tangu kina mama walipoanza kuja. Wiki tatu." Akanyanyua macho. "Nafungua mlango wa katikati, mwanga unafika mpaka kwenye chumba cha kusubilia. Kukipambazuka nazima. Wanaogopa giza, Dakitali. Mimi nilidhani jua ni kama mvua. Ukinge usikinge, linakuja tu. Nani atapungukiwa?"

"Fundi alikwambia mara tatu!"

"Alisema fliji na taa. Taa ni ile."

Ningesema maneno makubwa. Nilikuwa nayo mdomoni: watoto mia moja na arobaini, surua, uzembe. Lakini mzee alisema kwa Kinyakyusa, polepole, jambo ambalo Nurdin hakulielewa na sikulitafsiri pale pale. Alisema, "Unamkumbuka Tulia."

Tulia alikuwa binti yake. Alikufa katika chumba kile mwaka 1984 akijifungua. Hapakuwa na mafuta ya taa Masukulu nzima wiki ile. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Tochi ilikuwa na betri zilizochoka, mzee aliishika juu ya mikono yangu mpaka ikawa nyekundu kama kaa, kisha ikazima. Damu ilikuwa ikitoka nami sioni inatoka wapi. Miaka minane tumefanya kazi nyumba moja na hatujawahi kulisema.

Nikakaa.

Nurdin aliuliza kwa sauti ya chini kumetokea nini, nami nikamweleza.  Kisha akamwambia mzee, bila ukali wowote, "Baba, mvua ni nyingi, lakini mtungi una kima chake. Hizi betri ndizo mtungi. Jua linajaza kikombe kimoja kwa siku, sisi tunachota viwili."

"Basi tuzime taa," nilisema. "Iwashwe mtu anapojifungua tu."

Mmoja wa wale kina mama, Lusungu wa Matwebe, mwenye mimba ya tatu na mdomo usiomwogopa mtu, akasema kutoka mlangoni, "Zimeni. Chanjo ni ya watoto wetu, tunaelewa. Ila na giza nalo ni letu, Daktari. Wewe unarudi kwako."

 

Nurdin alipima tena. Alisema hata tukizima taa, kwa mawingu haya betri zitahitaji siku nne au tano kupata nguvu, na friji liko nyuzi saba na nusu. Mwisho wetu ni nane. Chanjo hazitafika Alhamisi.

"Nizirudishe hospitali," nilisema.

"Kwa njia ipi? Niliyopita mimi jana?"

Mzee Ambindwile ndiye aliyesema. "Watoto si wako hapa hapa? Kwa nini tusubili Alhamisi?"

Nilifungua mdomo kumweleza ratiba, nikaufunga. Ratiba niliipanga mimi. Chanjo ikishaingia begani mwa mtoto haihitaji friji. Chupa bapa za barafu kwenye sehemu ya kugandishia zilikuwa bado ngumu, na boksi la barafu hushika baridi siku mbili ukilifunga vizuri. Kesho ni Jumapili, na Jumapili mvua haimzuii mama wa Kinyakyusa kwenda kanisani.

Tumetuma neno Matwebe na vitongoji vyote. Taa imezimwa. Hellen amehamia zahanati na godoro letu kulala na wale kina mama. Sikumwomba.

Jumapili, 22 Machi

Matwebe tumechanja watoto themanini na mmoja kabla ya saa saba, ndani ya kanisa, mvua ikipiga bati mpaka tukaongea kwa ishara. Mzee Ambindwile alilibeba boksi kichwani njia nzima, akaanguka mara moja kwenye utelezi, akaanguka chini yake ili lisiguse ardhi. Goti limevimba. Alasiri tukarudi hapa tukachanja hamsini na wanne. Kipimajoto cha boksi kilikuwa nyuzi nne tulipoanza, sita tulipomaliza. Watano hawakutokea, nimeandika majina yao.

Nurdin alikuwa akiandika kadi. Mwandiko mzuri. Akina bibi walimuuliza kama ni daktari mpya.

Jumatatu, 23 Machi

Fundi kaondoka asubuhi na shati langu la kanisani. Njano. Jua hakuna.

Ijumaa, 27 Machi

Amerudi! Mgongoni paneli moja, kwenye begi betri ndogo ya pikipiki. Hii haiunganishwi na friji, alisema. Ni ya chumba cha kusubiria peke yake, na taa ndogo isiyokula sana.

"Umeitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka la nani?"

Alijishughulisha na misumari. Baadaye lile lori la chai lilipopita, dereva akaniambia paneli iliyokuwa juu ya kibanda cha Nurdin, ile aliyokuwa akiitumia kutengenezea redio za watu umeme wa mjini ukikatika, haipo tena.

Nilimfuata pale ukutani. Nikamwambia kwamba barua ile nilikosea kuiandika. Alikuwa na misumari mdomoni, akatikisa kichwa tu, akaendelea kugonga. Nilimshikia ngazi.

Jumamosi, 4 Aprili

Idi. Hellen amempelekea Nurdin mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando, na salamu ndefu kuliko mkungu. Lusungu amejifungua leo mchana, mtoto wa kike, salama. Kijani.

Jumapili, 19 Aprili

Pasaka. Mvua siku ya tisa mfululizo, hakuna jua hata la kuapia. Njano, lakini haijawa nyekundu. Mzee Ambindwile sasa ndiye anayelinda betri. Nilitaka kuacha taa ya chumba cha kuzalia iwake wakati nikitafuta miwani, akaizima.

Jumanne, 5 Mei

Jua saa mbili. Kijani. Magimbi yameoza shambani, chai imestawi.

Ijumaa, 15 Mei

Wageni wa kanisa wamekuja na swali kwenye karatasi: je, nishati ya jua inaweza kuwa tegemeo kubwa la wilaya hii, zahanati, shule, hata majumbani? Wanataka jibu langu kwa sababu mimi ndiye niliyeandika saa za jua kila siku.

Nimekaa nalo mezani jioni nzima. Mwezi wa pili ningejibu kwa neno moja. Hellen, akichambua maharage, aliuliza, "Litapika haya?"

"Halitapika."

"Litasaga mahindi?"

"Kwa paneli hizi, hapana. Labda kwa paneli zilizojaa paa la kanisa."

"Basi waambie hivyo hivyo."

Nimeandika hivyo hivyo. Kwamba katika miezi yenye mvua nyingi kuliko mahali pengi nchini, paneli nne zimelinda chanjo siku zote isipokuwa siku tano, na hizo tano kosa halikuwa la jua. Kwamba haziwezi kuchukua nafasi ya kuni wala kuendesha mashine. Kwamba zikiongezwa zitaweza zaidi, na mimi sijui mwisho wake uko wapi, kwa sababu kila niliposema mwisho ni hapa nilikosea. Kwamba kabla ya kufunga paneli mahali popote, fundi akae na watu wa pale awaulize wanaogopa nini na wanataka kuwasha nini, asiwaambie tu vitu viwili halafu akaondoka. Na sisi waganga pia.

Jumatano, 27 Mei

Jua saa sita. Kijani.

Ijumaa, 12 Juni

Baridi kavu, anga limefagiwa. Mlima wote unaonekana mpaka msitu wake.

Saa nne Nurdin alitokea barabarani, safari hii hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa kijani, na kifuani kwake kitoto cha siku ishirini na nane.

"Daktari, huyu ni Arafa, mke wangu. Na huyu ni Saad. Tumekuja kuchanja."

"Mmetoka Tukuyu? Hospitali iko mlangoni kwenu!"

Arafa alicheka. "Nimemwambia, shemeji. Amekataa. Anasema mtoto wake hachanjwi kwingine."

Nilikuwa nimemshika mtoto, nikihesabu siku kichwani kama mganga anavyohesabu bila kutaka. Siku ishirini na nane. Kwa hiyo mwezi wa tatu, siku ile alipokuja kwa miguu kwenye tope na barua yangu mfukoni, alikuwa amemwacha mke mwenye mimba ya miezi saba. Na wiki iliyofuata akang'oa paneli ya dukani akatuletea sisi.

"Nurdin," nilisema. "Hukusema neno."

"Ningekwambia, ungenirudisha nyumbani siku ile ile."

Kweli ningemrudisha.

Hellen alimpokea Arafa, wakaenda naye jikoni kama dada waliopotezana. Nikafungua friji. Nyuzi nne. Nikaichanganya chanjo ya kifua kikuu, nikafuta bega dogo, nikageuka kumwambia baba amshike mtoto vizuri. Hakuwepo. Mtu aliyetembea kwenye bati lenye utelezi akiwa na njaa ya saa tisa alikuwa ametoka nje mbio, amempa Mzee Ambindwile mgongo, na amejiziba masikio.

"Dakitali choma tu!" mzee akapaza sauti. "Baba yake nimemshika mimi!"

Nikambana mtoto mapajani, nikachoma. Mtoto akalia kwa sauti nzuri ya mapafu mazima, na nikamsikia mzee huko nje akimwambia fundi wetu, "Pole, mwanangu. Yameisha, yameisha."